Siku Niliyobeba Kapu la Posa Yangu Mwenyewe

Sina sababu ya kuficha, maana Kwai nzima inajua, Lushoto mjini wanajua, na hata kule chini Mombo kuna mama muuza chai ambaye nikikaa tu kwenye benchi lake anaanza kucheka kabla hajanikaribisha: mimi ndiye yule mtu aliyekwenda kwenye posa yake mwenyewe akiwa amebeba kapu. Nimepata aibu nyingi katika umri wangu (niliwahi kutumbukia kwenye josho la ng'ombe nikiwa nimevaa suti ya kuazima, na suti ilikuwa ya imamu), lakini zote hizo ni watoto, na hii ndiyo mama yao.

Kwanza niwaeleze ugonjwa wangu, maana bila ugonjwa huu yasingenipata. Ugonjwa wangu ni tarehe. Ulinianza nikiwa kidato cha pili, redio ikisema asubuhi kwamba siku kama ya leo mwaka fulani kulitokea hili na lile, na mimi badala ya kunywa uji nikawa naandika. Nilinunua kaunta buku la kwaya nne (la kwaya tatu halifikishi mwaka, nilihesabu kurasa pale pale dukani mpaka mwenye duka akakasirika), kila tarehe ikapata ukurasa wake kuanzia mosi Januari. Tano Februari, Azimio la Arusha. Ishirini na sita Aprili, Muungano. Nyingine niliokota kwenye kalenda za ukutani, nyingine kwenye gazeti lililofungia maandazi. Na chini ya mambo ya dunia nikawa naandika na yangu, kwa kufuata miaka, bila hata kupiga mstari katikati. Huo mstari, ndugu zangu, kama ningeupiga!

Daftari hilo nimetembea nalo kila mahali, na nimetembea sana. Nimekaanga chipsi Mombo, nimechuma chai Kwamkoro, nimeuza mitumba Korogwe, nimelinda ghala Arusha. Popote nilipofika baada ya muda nilianza kukumbuka nyumbani, ukungu na harufu ya mikaratusi iliyonyeshewa, nikarudi Lushoto, na nikishafika Lushoto nikaanza kukumbuka nilikotoka. Mtu asiye na anwani huishi kwenye tarehe, ndivyo nilivyokuwa nikijifariji. Tena nilikuwa na tabia moja: nilikuwa naondoka siku ya sikukuu. Siku ya kazi msimamizi atakuuliza unakwenda wapi na begi, lakini siku ya sikukuu kila mtu ana begi, nani akuulize? Na sikukuu niliyoipenda kuliko zote kwa kuondokea ilikuwa tarehe tisa Desemba, siku ya Uhuru, kwa sababu ndio wakati pichesi zinapoanza kushuka kutoka milimani, nami nikiona kapu la pichesi, popote nilipo, miguu inawasha.

Basi huyo ndiye mtu aliyempenda Zaina.

Zaina ni mtu wa Kwai, anapeleka matunda Mombo kuwauzia abiria wa mabasi, na jinsi tulivyokutana nitawaeleza mbele, maana ndiyo iliyoniokoa. Shida ilikuwa baba yake. Mzee Mbwana ana ng'ombe watatu wa maziwa, shamba la kabichi la matuta yaliyonyooka kama yamepigwa kwa rula, na moyo ulioumwa mara moja. Mume wa kwanza wa Zaina alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akasema narudi baada ya mwezi, na mwezi huo haujaisha mpaka leo. Talaka ilikuja kwa ujumbe wa simu. Mzee alikunja ujumbe ule moyoni akaapa mbele ya ukoo kwamba akija mwingine, awe kilema, awe masikini, awe na sura kama ya nguruwe pori, lakini awe mtu wa kukaa. Mnaona wenyewe. Nyumba inatafuta mtu wa kukaa, na mwombaji ni mimi.

"Athumani," Zaina akaniambia, "baba yangu ni mgumu, ila ukimtajia siku ya Uhuru anakuwa kama siagi juani. Alikuwepo, alikuwa mtoto wa shule. Anaweza kukusimulia mpaka ng'ombe wakasahauliwa kukamuliwa."

Mimi tena! Nikasema posa iende tarehe tisa Desemba hiyo hiyo, na mshenga afungue mazungumzo kwa mambo makubwa yaliyotokea siku hiyo. Nani anayajua kuliko mimi?

Mshenga alikuwa Mzee Hoza, jirani yetu, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, mtu wa suti na tai hata akienda kununua chumvi, na sauti yake ni ile ya kusomea hukumu. Posa aliyoipeleka yeye haijawahi kukataliwa. Nikaenda kwake jioni ya kuamkia siku yenyewe nikampa daftari, nimeweka unyoya wa kuku kwenye ukurasa.

"Mzee, utafungua kwa haya. Soma manne ya juu tu, halafu funga utoe barua."

Akaweka miwani, akautazama ukurasa kutoka juu mpaka chini. "Kuna zaidi ya manne hapa."

"Hayo mengine ni yangu mwenyewe, hayahusu. Manne tu."

"Athumani, hati haisomwi nusu."

"Hii siyo hati, Mzee, ni daftari."

"Chochote kilichoandikwa na kutiwa tarehe ni hati," akasema, na mimi nikacheka nikidhani anatania. Ningeweza kuyanakili yale manne kwenye karatasi, kazi ya dakika tano. Nikaona uvivu. Nikaenda kulala.

Asubuhi baba yangu mdogo akapiga simu. Yeye ndiye aliyetakiwa kufuatana na Mzee Hoza na kubeba kapu, lenye sukari, majani ya chai, doti ya khanga, sinia dogo la kuwekea barua na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu.

"Mwanangu, goti limekataa."

"Limekataaje, baba mdogo?"

"Limekataa kabisa. Limesema Kwai haliendi. Tafuta mtu."

Sasa, wote tunajua desturi: anayeposa anabaki nyumbani. Anakaa, anakunywa maji, anaenda msalani mara kumi, anasubiri jibu. Lakini mtu kama mimi unamwambiaje akae nyumbani wakati maisha yake yanazungumzwa upande wa pili wa bonde? Mzee Mbwana hakuwahi kuniona, alinijua kwa jina tu. Nikavaa koti kubwa la baba mdogo, nikavuta mzula mpaka kwenye nyusi, nikazungusha skafu mpaka puani (Lushoto hakuna atakayekushangaa), nikabeba kapu nikamfuata Mzee Hoza barabarani.

Akaishusha skafu yangu kwa kidole kimoja. "Wewe? Hii ni sawa na mshitakiwa kuwa karani wa kesi yake mwenyewe."

"Sitafungua mdomo, Mzee. Mimi ni mbebaji tu."

"Ukiufungua, mimi sikujui," akasema, akapanda bodaboda yake, nami yangu, jogoo akilalamika njia nzima.

Tulipokelewa vizuri mno. Sebule ilikuwa imefagiliwa, makochi yamevishwa vitambaa vyeupe vya kushona kwa mkono, chai ya maziwa ya ng'ombe wa pale pale, magimbi ya moto. Mzee Mbwana alikaa chini ya redio yake, kando yake dada yake, Shangazi Mwanahawa, mama mnene mwenye macho ambayo hayapepesi. Zaina hakuonekana, lakini pazia la mlango wa jikoni lilikuwa likipumua. Nikasema shikamoo kwa kila mtu mwenye mvi, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango, kapu miguuni.

"Huyu mbebaji wenu," akasema Shangazi, "mbona jasho linamtoka na ubaridi huu?"

"Mlima," akajibu Mzee Hoza.

"Si mmekuja na pikipiki?"

"Kapu ni zito, dada yangu."

Dua ikasomwa, wageni wakakaribishwa kusema. Mzee Hoza akasimama, akaiweka bahasha ya barua juu ya sinia letu mbele ya mwenyeji, akakohoa mara moja (mahakamani nadhani ndivyo walivyokuwa wakinyamazisha watu), akafungua daftari langu.

"Kabla ya barua, kuna haya, yaliyoandikwa na kijana wetu Athumani kwa mkono wake mwenyewe." (Kijana! Nina miaka arobaini na sita.) "Tarehe tisa Desemba. Siku kama ya leo, mwaka elfu moja mia tisa sitini na moja, Tanganyika ilipata Uhuru."

"Nilikuwepo!" Mzee Mbwana akaruka. "Nilikuwa darasa la pili. Walitugawia bendera za karatasi, tukasimama mstari, mvua ikaja, basi rangi zote zikatuchuruzikia mikononi mpaka kwenye kaptura. Nimefika nyumbani kijani, njano na nyeusi, mama akanichapa. Siku ya Uhuru nimechapwa!"

Nyumba nzima ikacheka. Mimi nikacheka ndani ya skafu. Mambo yalikuwa yanakwenda kuliko nilivyoota.

"Siku hiyo hiyo, Mwenge ulipandishwa kileleni Kilimanjaro. Siku kama ya leo, mwaka uliofuata, nchi ikawa Jamhuri. Siku kama ya leo, mwaka elfu moja mia tisa sabini na tisa, wataalamu wa dunia walithibitisha kwamba ugonjwa wa ndui umetokomezwa."

"Ndui!" Shangazi Mwanahawa akapandisha mkono wa gauni mpaka begani, akatuonyesha kovu la chanjo lenye ukubwa wa sarafu. "Hili hapa! Walinichoma nikalia mpaka punda wa jirani akakata kamba. Kumbe ndui imekwisha tarehe tisa Desemba? Kaka, huyu kijana ana kichwa."

"Ana kichwa," Mzee Mbwana akakubali, anafuta machozi ya kicheko. "Mtu anayekumbuka tarehe ni mtu wa kutunza mambo."

Hapo ndipo Mzee Hoza alipotakiwa kufunga daftari. Nilimwona. Akalilowesha dole gumba kwa ulimi, akashusha macho hadi mstari unaofuata, na kwa sauti ile ile ya Uhuru na Jamhuri akaendelea.

"Siku kama ya leo, mwaka niliomaliza kidato cha nne. Nimeondoka nyumbani alfajiri. Sikumuaga mama."

Kijiko cha mtu kikagonga kikombe.

"Siku kama ya leo, mwaka uliofuata. Nimeondoka Mombo. Nimeacha chipsi jikoni, sijui kama zimeungua."

Nikakohoa. Nikakohoa tena, kikohozi cha mtu anayekata roho. Mzee Hoza hakugeuka hata shingo. Karani haondolewi kwenye hati kwa kikohozi.

"Nimeondoka Kwamkoro. Mvua kubwa. Buti moja la mpira limebaki kwenye matope, sikurudi kulichukua."

"Mzee," nikasema kwa sauti ya kukwaruza, "chai inapoa."

"Mbebaji, tulia," akasema Shangazi Mwanahawa, naye sasa ameegemea mbele. "Endelea, Mzee Hoza. Utamu umeanza."

"Nimeondoka Korogwe. Nimelala na njaa lakini moyo mweupe."

"Hebu subiri," Mzee Mbwana akasema. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Hizi zote ni tarehe tisa Desemba?"

"Zote, kwa mujibu wa hati."

"Nchi ilipata uhuru mara moja ikatosheka. Huyu anapata uhuru kila mwaka?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini sakafu za Kwai ni imara, na Mzee Hoza alikuwa bado na mistari. "Siku kama ya leo. Nimeamua rasmi kwamba sitaoa. Wanawake wanauliza mno unarudi lini." Pazia la jikoni likaacha kupumua. "Siku kama ya leo. Nilitakiwa kwenda Muheza kupeleka posa. Nimepanda basi la Arusha."

Ndugu zangu, nimewahi kusikia kimya cha msikitini, nimewahi kusikia kimya cha msitu wa Amani saa sita mchana wakati hata ndege wamechoka, lakini kimya cha sebule ile sijawahi. Ng'ombe mmoja alilia huko nje, na ilikuwa kama amenijibia mimi.

Niseme ukweli kuhusu Muheza. Ni kweli. Nilikuwa na miaka thelathini, nilikuwa na shati jipya, na stendi mabasi mawili yalikuwa yamesimama pamoja, miguu ikachagua. Sijivunii. Ndiyo maana niliandika, nisije nikajisahaulisha.

Mzee Mbwana akaweka kikombe chini taratibu. "Inatosha, Mzee Hoza. Funga daftari." Akaichukua bahasha ya barua, ambayo haikuwa imefunguliwa hata ukingo, akairudisha juu ya sinia na kuisukuma upande wetu. "Sina ugomvi na nyinyi. Chai mmalize, magimbi mmalize. Lakini binti yangu ameshangoja mtu dirishani mara moja. Sitamweka dirishani mara ya pili."

Na Mzee Hoza, ambaye hakufunga daftari kwa kikohozi wala kwa chai, akalifunga kwa amri ya mwenye nyumba. Kwa heshima kabisa. Pap.

Sasa sikilizeni. Kulikuwa na mstari mmoja umebaki. Mmoja, chini kabisa ya ukurasa, nimeubana kwa herufi ndogo kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha. Nusu saa nzima nilikuwa nikimwomba Mungu yule mzee anyamaze, na amenyamaza, na amenyamaza mahali pabaya kuliko pote! Nikikaa kimya, tunarudi Lushoto na sinia letu, heshima yangu ya ubebaji iko salama, na Zaina nimemkosa. Nikisema, mnajua wenyewe. Nikatazama pazia. Nikasimama.

"Mzee, bado mstari mmoja! Hati haisomwi nusu!"

Wote wakageuka. Shangazi Mwanahawa akanitazama kuanzia mzula mpaka viatu.

"We mbebaji. Umejuaje kuna mstari mmoja?"

Nilitaka kujibu jambo la maana, nikapiga hatua mbele, na lile koti la baba mdogo, ambalo mfuko wake ulikuwa umenasa kwenye mpini wa kapu bila mimi kujua, likalivuta kapu zima. Sukari ikapasuka ikamwagika kwenye mkeka kama mvua ya mawe. Jogoo, ambaye kamba yake ilikuwa imelegea tangu kwenye bodaboda, akaruka kwenye kochi la Mzee Hoza, kutoka kochini akaruka juu ya redio, redio ikajiwasha kwa sauti ya juu kabisa ikipiga wimbo wa bendi ya shule, na kutoka redioni akajitupa kwenye pazia la jikoni na kulishusha chini, fimbo na vyote. Na nyuma ya pazia alikuwa Zaina, ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, khanga ameiziba mdomoni, machozi yanamtiririka, mabega yanatetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka hana pumzi.

Mzula ulikuwa umenidondoka. Skafu imenikaa shingoni kama kitanzi. Mzee Mbwana akazima redio.

"Wewe ni nani?"

"Shikamoo, Mzee."

"Ulishaniamkia. Nimekuuliza wewe ni nani."

"Athumani."

"Athumani yupi?"

"Huyo wa kwenye daftari."

Nikamgeukia Mzee Hoza anisaidie. Mzee Hoza akatazama dari. "Mimi," akasema, "simjui."

Shangazi Mwanahawa alikuwa wa kwanza kupasuka. Alicheka akipiga paja, alicheka akimwita marehemu mama yake, akasema kwa Kisambaa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu yanahusu sura yangu na ile ya jogoo. Lakini Mzee Mbwana hakucheka. Alinyoosha kidole kwenye daftari.

"Huo mstari. Usomwe."

Mzee Hoza akafungua tena, akatafuta unyoya, akasogeza miwani kwa ajili ya zile herufi ndogo.

"Siku kama ya leo, mwaka juzi. Nimeshuka Mombo kubadili gari. Mwanamke anayeuza pichesi amenipa moja nionje, akaniambia, kama unaondoka ondoka, usinizibie wateja. Sijaondoka."

Akalishusha daftari. "Mwisho wa hati."

Mzee Mbwana akakaa. Akamtazama binti yake pale juu ya ndoo.

"Zaina. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Yote?"

"Yote. Hata hiyo ya Muheza naijua, aliniambia mwenyewe kabla sijamuuliza."

"Ukasemaje?"

"Nilimwambia basi la Arusha halipiti Kwai."

Nikamwona mzee anajizuia. Mdomo unakataa, mashavu yanakataa, mwisho kikatoka, kicheko kile kile cha bendera za karatasi. Akaniuliza tangu siku hiyo ya pichesi nimeondoka mara ngapi, nikamwambia ninashuka Mombo na matunda asubuhi na kupanda mchana, nimekodi chumba Lushoto, nimepanda hata mchicha, na mchicha nimeuvuna mwenyewe (jambo ambalo kwangu lilikuwa la kihistoria). Akatikisa kichwa akamgeukia dada yake.

"Mwanahawa, unasemaje?"

"Mimi nasema sukari imeshamwagika ndani ya nyumba. Kilichomwagika ndani hakirudishwi. Tutaizoaje tuwape?"

"Basi sikiliza, Athumani," Mzee Mbwana akasema, na barua akaivuta kwake, nikaona bahasha inapita juu ya ile sukari kama mtu anayevuka mto salama. "Mtu anayekuja kwenye posa yake mwenyewe ametuvunjia heshima, lazima alipe faini. Umekuja kama mbebaji, utabeba. Samadi ya ng'ombe wangu wote, kutoka bandani mpaka tuta la juu, mpaka niseme basi."

"Nimekubali, Mzee."

"La pili, ndoa."

Nikaruka haraka, nikasema kama inampendeza tungoje tarehe tisa Desemba ijayo, siku kubwa, siku ya...

"Hapana! Ukurasa huo umejaa, hauna hata pa kuweka nukta. Na ni ukurasa wa kuondokea. Leta hilo daftari. Nataka siku ambayo haina kitu."

Ndivyo tulivyomaliza mchana ule, vichwa vitano juu ya kaunta buku, Zaina naye akiwemo kwa kuwa pazia halikuwepo tena, Mzee Hoza akifungua kurasa kama anatafuta kifungu cha sheria. Kumi na mbili Januari? Mapinduzi ya Zanzibar. Ijayo? Niliibiwa viatu Korogwe. Ijayo? Niliondoka Arusha. Shangazi akawa anasoma moja moja kwa sauti akinizomea, "Na hapa je? Hapa ulikimbia nini, nyuki?" (Walikuwa nyuki kweli.) Mpaka tukafika tarehe ishirini na tatu Januari. Ukurasa mweupe. Hakuna nchi iliyopata chochote, hakuna ugonjwa uliokwisha, wala mimi sikutoka popote. Mzee Mbwana akapapasa ule weupe kwa kiganja kama mtu anayepima udongo.

"Hapa," akasema.

Samadi nilibeba wiki sita. Watu wa Kwai walikuwa wakija kunitazama kama maonyesho, na jina la Mbebaji likanikaa mpaka leo, hata kwenye kadi ya mwaliko wa harusi ya jirani wameliandika. Yule jogoo hakuchinjwa, Shangazi alisema ni shahidi. Na tarehe ishirini na tatu Januari tulifunga ndoa, jioni nikaandika kwenye ukurasa ule mstari mmoja tu: "Leo nimekaa." Sijaandika kitu kingine chini yake, na sitaki.

Kwa hiyo nimeweka nadhiri, na Zaina ni shahidi kwa sababu anasoma begani kwangu ninapoandika haya. Sitakwenda tena kwenye posa yangu (anasema haitakuwepo nyingine, niandike hivyo, nimeandika). Nikimtuma mtu kunisemea, nitabaki nyumbani ninywe maji. Na sitaandika tena kitu chochote ambacho siwezi kuvumilia kukisikia kikisomwa kwa sauti ya mahakama mbele ya shangazi wa mtu. Hili la mwisho ni gumu. Maana kila mwaka siku ya Uhuru Mzee Mbwana anamwalika Mzee Hoza, watu wanajaa sebuleni, redio inazimwa, daftari langu linafunguliwa kwenye ule ukurasa na kusomwa kuanzia bendera mpaka chipsi, mpaka buti la mpira, mpaka Muheza, watu wanashika mbavu, nami nimekaa kwenye kigoda changu karibu na mlango. Mwaka wa kwanza nilitaka kutoka nje. Sasa natulia kimya, nangoja mstari wa mwisho.